Mji Ulipozama, Nani Alitolewa Mwanzo? Funzo la New Orleans kwa Familia za Visiwani



Mwezi wa Agosti 2025 ilitimia miaka 20 tangu kimbunga Katrina kilipoupiga mji wa New Orleans, Marekani. Mengi yalisemwa wakati ule kuhusu serikali ya Marekani, kuhusu weusi na weupe, kuhusu polisi na waliovunja maduka. Sisi leo hatutaki kuyarudia hayo. Tunataka kuzungumzia jambo moja ambalo tunaona linatugusa watu wa visiwani zaidi kuliko yote: hali ya wagonjwa waliokuwa ndani ya hospitali mji ulipojaa maji, na namna walivyotolewa.

Huenda ndugu msomaji akauliza, Marekani iko mbali, yatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu sisi ni watu tuliozungukwa na bahari. Wazee wetu walisimulia kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872 kilichoipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo bandarini. Mwezi wa Mei 2024 tulikaa macho kusubiri kimbunga Hidaya, ambacho kilipungua nguvu kilipofika pwani yetu kwa upande wa Mafia. Mwezi wa Disemba mwaka huo huo kimbunga Chido kiliwapiga majirani na ndugu zetu wa Mayotte, na hospitali yao kuu ya Mamoudzou nayo ikaharibika. Basi mwenye kuona nyumba ya jirani inaungua hangoji moto umfikie.

Yaliyotokea

Katrina kilitua asubuhi ya Jumatatu, tarehe 29 Agosti 2005. Siku moja kabla, meya wa mji alikuwa ametoa amri ya watu wote kuhama. Wenye magari na fedha wengi wao walihama. Waliobaki kwa kiasi kikubwa walikuwa masikini, wazee, wagonjwa, na waliobaki kwa ajili ya kuwatazama hao.

Upepo wenyewe haukuuzamisha mji. Sehemu kubwa ya New Orleans iko chini ya usawa wa bahari, na imekingwa kwa matuta na kuta za zege zilizojengwa pembeni mwa mifereji. Kuta hizo zilivunjika sehemu kadhaa, na baadaye ilithibitika kuwa nyingine zilivunjika kwa kasoro za usanifu, kabla maji hayajafikia kimo ambacho zilijengwa kukihimili. Maji yakaingia, na asilimia 80 ya mji ikawa chini ya maji. Yalichukua wiki kadhaa kutolewa.

Hospitali nyingi siku ya Jumatatu jioni zilishukuru kuwa zimesalimika. Madirisha yalivunjika, lakini majengo yalisimama na majenereta yalifanya kazi. Ilipofika Jumanne ndipo maji yalipoanza kupanda barabarani.

Hospitali mbili, maji mamoja

Tuzitazame hospitali mbili tu.

Ya kwanza ni Charity, hospitali ya umma, kimbilio la masikini wa mji ule kwa vizazi vingi. Jengo lake lilikuwa la mwaka 1939 na mitambo yake ya umeme ilikuwa chini kabisa ya jengo. Maji yalipoingia, umeme ukakatika. Lifti hazikwenda, pampu za maji hazikuvuta, vyoo vikajaa. Wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine walipumulishwa kwa mkono: muuguzi anaubana mfuko wa hewa, anauachia, anaubana tena, saa baada ya saa, akichoka anampokeza mwenzake. Wagonjwa walibebwa kwa machela katika ngazi zenye giza. Wengine walivushwa kwa boti na magari makubwa hadi kwenye paa la maegesho ya hospitali jirani ya kulipia, wakasubiri helikopta. Hospitali hiyo ya kulipia iliweza kukodi helikopta zake yenyewe. Charity haikuwa na uwezo huo, na wagonjwa wake wa mwisho hawakutoka mpaka Ijumaa, tarehe 2 Septemba.

Ya pili ni Memorial Medical Center, hospitali ya binafsi. Ndani yake walikuwemo watu wapatao 2,000: wagonjwa zaidi ya 200, wafanyakazi, familia zao, na majirani waliokimbilia humo. Ghorofa ya saba ilikodiwa na kampuni nyingine iliyolaza wagonjwa wa muda mrefu, wengi wao wakiwa taabani na wakitegemea mashine. Majenereta ya Memorial yalizimika usiku wa kuamkia Jumatano. Sehemu za mfumo wake wa umeme wa dharura zilikuwa karibu na ardhi, mahali ambapo maji yangefika, na jambo hilo lilikuwa likijulikana kabla ya kimbunga. Joto ndani lilipita nyuzi 38. Ili kumfikisha mgonjwa kwenye kiwanja cha helikopta, ilibidi ashushwe kwa ngazi, apitishwe katika tundu dogo kwenye ukuta wa chumba cha mitambo, kisha apandishwe tena juu kupitia jengo la maegesho.

Hapa ndipo lilipokuja suala la zamu. Mwanzo, Memorial walitoa watoto wachanga na waliokuwa katika chumba cha wagonjwa mahututi. Baadaye nguvu za wabebaji zilipokwisha na helikopta zikawa hazina uhakika, wagonjwa waliobaki wakagawiwa makundi matatu. Kundi la kwanza ni waliokuwa wanaweza kukaa au kutembea. La pili ni wenye kuhitaji msaada zaidi. La tatu ni waliokuwa dhaifu kabisa, na pia waliokuwa wameandika karatasi kwamba moyo wao ukisimama wasijaribiwe kufufuliwa. Kundi hilo la tatu likawekwa mwisho.

Tuitazame vizuri karatasi ile. Mtu aliyeiandika alikubali jambo moja tu: moyo ukisimama, asishughulishwe. Hakusema asipewe maji. Hakusema aachwe wengine wakiokolewa. Lakini katika joto na giza, karatasi ya kitanda cha mauti ikasomwa kuwa ni karatasi ya kuachwa nyuma.

Maji yalipopungua, maiti 45 zilitolewa Memorial, baadhi yao wakiwa wamekufa kabla ya kimbunga. Uchunguzi ulikuta dawa za kutuliza maumivu na za usingizi katika miili mingi. Mwezi wa Julai 2006 daktari mmoja na wauguzi wawili walikamatwa. Wauguzi waliondolewa mashtaka, na mwaka 2007 baraza la raia lililosikiliza ushahidi lilikataa kumfungulia daktari kesi. Sisi hatuhukumu watu ambao mahakama haikuwahukumu, wala hatujui tungefanya nini lau tungekuwa mahali pao siku ya nne bila usingizi.

Charity nao walikuwa katika maji yale yale, wakasubiri muda mrefu zaidi, na waliofia humo walikuwa wachache zaidi. Sababu si moja, na ni haki kusema kuwa wagonjwa wa ile ghorofa ya saba walikuwa na hali ngumu sana tangu mwanzo. Lakini waliofuatilia habari hizi wanataja mambo mawili. Charity waliendelea kufanya kazi kwa zamu, watu wakilala na kuamka, wagonjwa wakipitiwa vitandani kila siku kama kawaida, ijapokuwa hawana vifaa. Na hawakuweka kundi la wasiofaa kuokolewa. Waliokuwa mahututi zaidi walifanyiwa jitihada ya kutolewa mwanzo, hawakuachwa mwisho.

Waliokufa ni nani

Uchunguzi wa vifo vya Louisiana uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliokufa walikuwa na umri wa miaka 75 na kuendelea. Waliozama walikuwa kama asilimia 40. Waliobaki wengi waliuawa na majeraha, maradhi ya moyo, na maradhi mengine yaliyokosa tiba. Katika makao ya wazee ya St. Rita's, nje kidogo ya mji, walikufa watu 35 kwa sababu hawakuhamishwa kabla. Wenye makao walishtakiwa, na mwaka 2007 mahakama ikawaachia huru.

Tunapofikiria mafuriko tunamfikiria mtoto anayechukuliwa na maji. Ni kweli hutokea. Lakini kwa mji ule, aliyekuwa hatarini zaidi alikuwa bibi aliyelala ndani, asiyeweza kupanda ngazi, na ambaye dawa zake zilikuwa kwenye droo iliyozama.

Baada ya maji, maradhi ya kawaida

Wengi walidhani maiti zitaleta tauni. Haikuwa hivyo. Kilichowajaa madaktari katika uwanja wa ndege wa mji, uliogeuzwa hospitali ya muda, na baadaye katika makambi ya Houston, kilikuwa ni maradhi tuliyonayo majumbani mwetu: sukari, presha, pumu, figo, kifafa. Uchunguzi kati ya waliohamishiwa makambi ya Houston ulionyesha watu kama wanne katika kila kumi walikuwa na maradhi ya kudumu. Walikuja bila dawa, bila karatasi, na wengi hawakujua jina la dawa wanayokunywa. "Kidonge cheupe kidogo, asubuhi na jioni." Hospitali yenye faili lake imezama, na aliyemwandikia dawa yuko mji mwingine.

Wagonjwa wa figo ndio waliokuwa na saa iliyokuwa ikikimbia mbio zaidi, kwa sababu kusafishwa damu hakungoji wiki mbili.

Maradhi ya maji yalikuwepo pia. Kuharisha na kutapika kuliwashika zaidi ya watu elfu moja katika kambi moja ya Houston. Vijidudu vya maji ya chumvi viliwaingia watu kupitia vidonda vya miguuni. Katika majimbo yaliyoathirika walihesabiwa wagonjwa 22 wa vijidudu hivyo na watano wakafa. Kwa upande wetu wa dunia hatari ni kubwa zaidi. Kimbunga Idai kilipoupiga mji wa Beira, Msumbiji, mwezi wa Machi 2019, kipindupindu kilitangazwa kabla ya wiki mbili kwisha, na ikabidi ziletwe dozi 900,000 za chanjo. Chanjo ile, maji safi na vituo vya tiba vilivyofunguliwa mapema vilisaidia kuuzima ugonjwa. Sisi tunaokumbuka kipindupindu cha 2015 na 2016 visiwani hatuhitaji kuelezwa maana ya maji ya kisima kuchanganyika na maji ya choo.

Je, walijifunza?

Wengine walijifunza, wengine hawakujifunza. Mwezi wa Oktoba 2012 kimbunga Sandy kilipofika New York, miaka saba baada ya Katrina, hospitali kubwa ya chuo kikuu katika mji huo ilizimikiwa na umeme kwa sababu sehemu za mfumo wake wa jenereta zilikuwa chini ya jengo, na zikazama. Wagonjwa zaidi ya 300 walishushwa kwa ngazi gizani, wakiwemo watoto wachanga 20 wa chumba cha uangalizi maalumu, wauguzi wakiwapumulisha kwa mkono huku wakishuka.

Houston ilikuwa imepata somo lake mwaka 2001, dhoruba ya Allison ilipozamisha hospitali zake. Wakajenga milango ya kuzuia maji na kuipandisha mitambo juu. Mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipoleta mvua kubwa zaidi, hospitali nyingi za eneo hilo ziliendelea kutibu. Na katika mafuriko hayo ya 2017 Waislamu wa Houston walifungua misikiti yao ikawa makazi ya waliokimbia maji, wa dini zote. Huko New Orleans kwenyewe, Charity haikufunguliwa tena. Hospitali mpya iliyochukua nafasi yake ilifunguliwa mwaka 2015, na huduma zake muhimu ziko ghorofani, juu ya kimo cha mafuriko.

Kwa hiyo siri yenyewe si kubwa. Mahali jenereta linapowekwa siku ya ujenzi, hapo ndipo inapoamuliwa nani atapumua siku ya mafuriko.

Sisi visiwani

Sisi tunajua maisha bila umeme. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani, na kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010 ikakaa miezi mitatu. Wakati ule bandari ilikuwa wazi, barabara zilikuwa kavu, na mafuta ya jenereta yaliweza kuletwa. Fikirieni giza lile lile na maji juu yake, na boti za Dar es Salaam haziendi kwa ajili ya bahari chafu. Na hospitali yetu kuu mjini imejengwa hatua chache tu kutoka pwani.

Mambo ya hospitali yana wenyewe, na ni wajibu wao kuulizwa kwa adabu: jenereta liko wapi, mafuta ni ya siku ngapi, na mgonjwa asiyeweza kutembea atashushwa na nani? Lakini yako yanayotuhusu sisi wenyewe.

Kwanza, kila nyumba imjue mtu wake. Nani ndani ya nyumba hii hawezi kutembea, haoni, anatumia insulini, anasafishwa figo, au ana mimba kubwa? Nani atambeba, na atapelekwa nyumba gani iliyoko juu? Jambo hili liamuliwe leo, wakati watu wamekaa barazani, lisingojwe mpaka maji yamefika kizingitini.

Pili, dawa. Mwenye maradhi ya kudumu asingoje kidonge cha mwisho. Awe na akiba ya wiki mbili kila anapoweza, na majina ya dawa na vipimo vyake yaandikwe katika karatasi, iwekwe ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya hospitali. Insulini iliyoanza kutumika huweza kukaa wiki kadhaa bila friji ikiwa haipati jua wala joto kali. Chungu cha udongo kilicholowanishwa husaidia kuiweka baridi. Muulizeni mfamasia wenu kuhusu aina mnayotumia.

Tatu, maji. Dawa ya kutibu maji, au kuni na sufuria ya kuchemshia, viwepo kabla ya masika. Mwenye kidonda mguuni asitembee ndani ya maji ya mafuriko, na akilazimika, akioshe kidonda kwa maji safi na sabuni mara atokapo.

Nne, misikiti na shehia. Imamu anawajua watu wa Swalah ya Alfajiri, na mzee wa safu ya mbele akikosekana siku mbili huulizwa. Tunaomba ujuzi huo uandikwe, kwa makubaliano na sheha na kwa kuhifadhi siri za watu, iwe orodha ya wasiojiweza katika mtaa. Vijana wapangiwe majina: fulani na fulani, kazi yenu ni bibi wa nyumba ile.

Tano, wakfu. Watu wetu, Allaah Awalipe, hupenda kutoa kisima na kujenga msikiti. Basi na atoke mtu aweke wakfu jenereta au sola kwa kituo cha afya cha kijijini kwake, kwa sharti kwamba iwekwe juu. Aweke wakfu machela, au boti ndogo. Hiyo nayo ni sadaka yenye kuendelea.

Hukmu katika wakati wa dharura

Mafuqahaa wetu walilizungumza jambo hili zamani, kabla ya majenereta. Walisema mwenye kuswali akimuona mtu anazama na ana uwezo wa kumuokoa, ni wajibu aikate Swalah yake amuokoe, kisha aiswali tena. Na wanavyuoni wa zama hizi wamemruhusu daktari aliye katika operesheni asiyoweza kuiacha kujumuisha Adhuhuri na Alasiri, au Magharibi na Ishaa. Kuhifadhi uhai ni katika makusudio makuu ya Shariy'ah.

Ama kumharakishia mgonjwa mauti kwa kumuonea huruma, hilo ni haramu, hata kama amekata tamaa na hata kama mwenyewe ameomba. Kumpa dawa ya kumpunguzia maumivu kwa kipimo chake, kwa nia ya kumpumzisha, kunaruhusika.

Na ikiwa vifaa ni vichache na watu ni wengi, madaktari wana ruhusa ya kupanga nani atangulie, kwa kutazama haja na matumaini ya kupona. Lakini kutangulizwa mwengine hakumtoi aliyebaki katika haki zake. Damu ya mzee si rahisi kuliko damu ya kijana, na aliyekata tamaa ya kupona bado ana haki ya maji, ya kivuli, na ya mtu wa kumshika mkono. Wauguzi wa Charity waliobana mifuko ya hewa usiku kucha hawakuwa na uhakika kama helikopta itakuja. Walibana tu.

Kumtegemea Allaah na kujiandaa haviachani. Sote tunakijua kisa cha Bedui na ngamia wake. Sisi ngamia wetu ni mzee aliyelala chumba cha ndani, na kamba yake ni sisi tuliokaa barazani.

Tunamuomba Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) Avihifadhi visiwa vyetu na watu wake, Awaponye wagonjwa wetu, Awape subira waliofiwa kwa maji popote walipo, na Atujaalie tuwe wenye kuwatangulia dhaifu wetu kabla maji hayajatutangulia. Aamiyn.

Wa Allaahu A'lam.